Karatasi za Wenyewe

Waandishi washikao kalamu kueleza sanaa ya kukunja karatasi wana ada ya kuanza safari yao mbali. Huanzia China, kwa Cai Lun, towashi wa jumba la mfalme, ambaye tarikh za nchi ile humtaja kuwa katika mwaka 105 alimwonyesha bwana wake namna ya kutengeneza karatasi kwa maganda ya miti, matambara na nyavu chakavu. Hupita Samarkand, ambako husimuliwa kwamba Waarabu walijifunza ufundi huo kwa mateka wa vita vya mwaka 751. Kisha huvuka hadi Japani, ambako mwaka 1797 kilipigwa chapa kitabu kizima cha kufundisha jinsi ya kukunja kundi la korongo walioshikana mbawa na midomo kutoka katika kipande kimoja tu cha karatasi. Na wakifika huko hutua, wakastarehe, wakasahau kutueleza jambo moja ambalo mtoto yeyote wa Tanga wa zama zetu angaliwauliza kabla ya mengine yote: karatasi yenyewe ilikuwa ya nani?

Naam, hilo ndilo suala. Mimi nilikunja karatasi tangu nilipoweza kukaa kitako mpaka nilipoota ndevu, na katika muda wote huo sikujaliwa kukutana na karatasi isiyo na mwenyewe. Karatasi nyeupe, tupu, isiyoandikwa kitu, ilikuwa adimu. Iliyo adimu ilikuwa ghali. Na iliyo ghali ilifungiwa kabatini. Iliyobaki yote ilikuwa imekwisha andikwa jambo, na aliyeliandika alikuwa hai, mwenye afya njema, na aghalabu mwenye bakora. Kwa hiyo sanaa hii, ambayo kwa wenzetu inasifiwa kuwa hutuliza moyo, kwetu ilikuwa tawi la wizi mdogo mdogo, na masaibu yote nitakayoyasimulia hapa yalichipuka katika shina hilo.

Sikatai kwamba tulikuwa na mali nyingine ya kukunja. Kabla ya karatasi mikono yetu ilisomeshwa na mnazi: kwa ukuti mbichi tulikunja pete, miwani, panzi, mpira wa pembe pembe, na saa za mkononi ambazo zilikuwa na fadhila ya kutochelewa wala kuwahi. Ukuti haukuandikwa kitu, wala hapana mtu aliyewahi kuutafuta mtotoni mwa meza akiwa ametoka jasho. Lakini mwanadamu hakuumbwa kuridhika na halali iliyo karibu naye. Tulipoonja karatasi mara moja, mnazi tukauachia wadogo zetu.

Mashua ndiyo iliyokuwa mama wa yote. Unaikunja karatasi katikati; unazishusha pembe mbili za juu mpaka zikutane; unaipandisha mikia iliyobaki chini, mmoja huku na mmoja huku, na hapo tayari una kofia, ambayo mtu asiye na tamaa angaliivaa akaenda zake. Mwenye tamaa huingiza vidole gumba viwili ndani ya kofia hiyo, akaipanua mpaka mbele na nyuma vikutane, ikawa mraba. Akapandisha ncha mbili za chini, akaingiza tena vidole gumba, akapata mraba mwingine mdogo zaidi. Kisha hushika masikio mawili yaliyo juu na kuyavuta taratibu, kila moja upande wake, na hapo, bila ya gundi wala uzi, mashua huzaliwa mkononi, ina omo, ina tezi, na katikati imesimama pembe iliyo mfano wa tanga. Nimesema taratibu. Mwenye papara aliyavuta masikio kwa nguvu, akabaki na omo katika mkono wa kulia na tezi katika mkono wa kushoto.

Masika yakinyesha, Ngamiani yote, pamoja na barabara zake zilizopewa nambari badala ya majina, iligeuka bandari. Mitaro ilifurika, na sisi tulisimama ukingoni tukiziaga merikebu zetu kwa taadhima kubwa, tukiamini kwa yakini kwamba kila mtaro uliishia baharini, na kwamba mashua zetu zingepita katikati ya matishari yaliyokuwa yakipeleka robota za katani melini, zikashika njia ya Pemba. Kwa hakika nyingi zilishika njia ya kalvati la kwanza na kukaa hapo, zikaziba maji, na mwenye nyumba iliyo karibu alipotoka na koleo kuzibua alikuta shehena ya nyaraka ambazo, lau angalijua kusoma mwandiko wa marehemu baba yangu, zingalimpa habari zote za ghala moja la katani kwa miezi kadha.

Maana baba alikuwa karani wa ghala. Alileta nyumbani karatasi pana za hesabu za robota, naye aliziandika kwa ile kalamu ya risasi ya rangi ya zambarau ambayo ikiwa kavu hujifanya kalamu ya kawaida, lakini ikipata unyevu hugeuka wino usiotoka. Karatasi hizo zilikuwa pana mno kwa mashua moja, ikabidi zikatwe. Na sisi hatukuwa na mkasi. Njia yetu ilikuwa kukunja, kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo mara kwa mara mpaka ung'ae, kisha kuulamba kwa urefu wake wote, kutoka mwanzo hata mwisho, ndipo karatasi ikachanika kwa unyoofu ambao mkasi ungaliuonea wivu. Ufundi huu ulikuwa na ila moja tu. Mahakama ya baba haikuhitaji mashahidi, wala viapo, wala wakili, alitupanga ukutani kwa umri, akasema neno moja, "Ulimi!", na aliyetoa ulimi wa zambarau alihukumiwa pale pale bila ya rufani.

Ilikuwa dada yangu mkubwa, mwenye akili kutushinda sote, aliyegundua kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mti wa zambarau kwa hekima. Msimu wa matunda hayo ulipowadia, watoto wote wa mtaa, wema kwa waovu, walitembea na ndimi za rangi ile ile kuanzia asubuhi hata magharibi, na sheria ya nyumbani kwetu ikafa kwa kukosa ushahidi. Katika msimu huo tulijenga manowari.

Msiba wa mashua uliopata sifa kuliko yote, hata hivyo, haukufanywa na mtoto. Mjomba wangu alikuwa serahangi katika matishari, mtu wa masimulizi, ambaye akimaliza chakula hawezi kulala mpaka amezamisha chombo. Jioni moja aliomba karatasi ili atuonyeshe kisa cha nahodha. Na kwa kuwa mgeni hanyimwi, nilikwenda katika mtoto wa meza ya baba nikachagua ile iliyoonekana nyonge kuliko zote, iliyokunjwa mara nne na kufichwa chini kabisa, nikamletea. Mjomba akakunja mashua safi sana. Nahodha, akasema, alitweka akashika njia ya Unguja. Mwamba ukampiga, omo ikaenda. Na papo hapo akaichana omo ya ile mashua akaitupa. Wimbi likaja kwa nyuma, tezi ikaenda, akaichana tezi. Radi ikapiga juu, mlingoti ukaenda. Akaichana ncha ya katikati. Chombo kikazama na vyote vilivyokuwamo, na watu waliokwenda pwani asubuhi hawakuona ubao wala kamba, waliona kitu kimoja tu kimetupwa na mawimbi. Naye akaikunjua karatasi polepole, na loo! lilikuwa shati la nahodha, lina mikono miwili na shingo. Tulipiga kelele kwa furaha. Baba, aliyekuwa akitoka msikitini, alisimama mlangoni akacheka pamoja nasi, mpaka aliposoma maneno yaliyopigwa chapa kifuani mwa shati lile, nayo yalikuwa ni stakabadhi yake ya kodi.

Msomaji asiyewahi kuishi katika zama hizo hajui ilivyokuwa kusimamishwa njiani na kuulizwa stakabadhi ya kodi. Baba alisimamishwa. Alitoa shati. Mkaguzi alilitazama mbele na nyuma, akaliinua juu kulipima kwa mwanga, akauliza kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Hili ni la nani?" Na baba, ambaye kwa miaka yake yote alikuwa mtu mkweli, alijibu, "La nahodha." Kilichomwokoa ni kwamba nambari ya stakabadhi ilikuwa imesalimika kwenye mkono wa kushoto.

Palikuwa na karatasi nyingine ambayo hata sisi hatukuthubutu kuigusa, nayo ni ile iliyoandikwa herufi za Kiarabu. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na itikadi, ambayo wazee wengi wa pwani walikuwa nayo, kwamba herufi hizo hazifai kukanyagwa. Kila alipookota kipande chenye herufi hizo njiani alikipangusa vumbi, akakibusu, akakitia katika ufa wa ukuta. Alikuwa akisoma Kurani kwa sauti tamu, ijapokuwa maana ya Kiarabu aliwaachia wenye elimu yao. Basi siku moja niliokota jani zuri, gumu, la kung'aa, lililotoka katika bidhaa iliyofunguliwa dukani, nikalikunja ndege, nikalirusha uani. Na ndege huyo, ambaye kwa desturi alikwenda kombo, siku hiyo alinyooka mpaka mapajani mwa bibi. Aliona herufi. Nilipata nilichopata. Ndege alikunjuliwa, akabusiwa, akawekwa juu ya paji la uso, kisha akatiwa ukutani mahali pa heshima, juu ya wote waliomtangulia. Muda ukapita, akaja kututembelea maalim mmoja mwenye kuijua lugha, na bibi, kwa fahari, akamwomba amsomee ile karatasi iliyoteremka kwake kwa mbawa. Maalim akaisoma kimya, akakohoa, akaisoma tena, akasema, kwa haya, kwamba ni tangazo la sabuni. Sisi wajukuu tulishikana mikono tukingoja dunia ipasuke. Bibi akaichukua karatasi yake, akairudisha ufani, akasema, "Na nadhafa je, si katika imani?"

Sasa sina budi kumtaja fundi mkubwa kuliko wote niliopata kuwaona, naye hakuwa Mjapani. Alikuwa ni bi mmoja muuza bajia, aliyekaa kwenye pembe ya njia ya skuli na karai lake, na ambaye mkono wake wa kulia haukuacha kugeuza bajia hata mara moja, kwa kuwa mkono wa kushoto peke yake ulitosha kutwaa ukurasa, kuuzungusha ukawa pembe, kuibana ncha kwa kidole kimoja na kukunja mdomo, kwa muda usiotosha mteja kusema anataka ngapi. Karatasi alizipata kwetu. Mtoto aliyempelekea daftari lililokwisha alipewa bajia za bure, na bei yake ilikuwa ya haki, maana daftari nene lilipata nyingi zaidi. Na kwa kuwa alama zilizomo ndani hazikuzidisha wala kupunguza kitu katika bei hiyo, yale ndiyo yaliyokuwa mashindano ya pekee ambayo mimi na wenzangu waliotutangulia darasani tulikuwa sawa.

Nikampelekea, pamoja na daftari langu, karatasi yangu ya mtihani wa hesabu. Niliona hapana kaburi bora kuliko hilo: italiwa bajia, itatupwa, mbuzi wataimaliza. Ambacho sikukifikiri ni tabia ya mafuta ya moto, ambayo yakiingia katika karatasi huifanya kioo, hata maandishi ya upande wa ndani yakasomeka nje kwa uzuri kupita yalivyosomeka mwanzo. Magharibi ile baba alirudi kazini na kifuko cha bajia, akakiweka chini ya taa ya kandili, tukakizunguka, na kadiri bajia zilivyopungua ndivyo jina langu lilivyozidi kung'aa, na chini ya jina, kwa wino mwekundu, alama 11 katika 100. Hapana aliyesema neno. Baba alikula mpaka bajia ya mwisho, akaifuta midomo, akaikunjua pembe ile kwa uangalifu, akaisoma mbele na nyuma, akatoa hukumu yake: "Bajia nzuri. Hesabu mbaya." Kisha akaagiza bakora.

Ya kinyozi nitaisema kwa haraka kwa sababu jamaa zake wangaliko. Tulikuwa tukikunja baruti, yaani ile karatasi iliyokunjwa pembe zake kwa ndani, ambayo ukiishika kwa ncha na kuishusha kwa nguvu hewani, mkunjo wa ndani hufumuka kwa kishindo. Karatasi nyembamba hutoa kikohozi tu. Baruti ya kweli hutaka karatasi pana na ngumu, na iliyokuwa pana na ngumu kuliko zote mtaani ilikuwa ni jani la kalenda iliyotundikwa kwenye mwembe ambao chini yake kinyozi alinyoa. Mwezi ule ulikuwa umebakiwa na siku chache, tukaona si dhuluma kuumaliza mapema. Tulijificha nyuma ya shina, tukaushusha mwezi mzima kwa pamoja. Na kwa bahati iliyo mbaya kitini alikuwapo bwana harusi wa usiku ule, amefumba macho, na wembe ulikuwa unatengeneza ncha ya sharubu yake ya kulia. Sharubu ilikwenda. Kinyozi, aliyekuwa mwadilifu, hakuweza kumwacha mtu na uso wenye upande mmoja, akaondoa na ya kushoto. Na inasemekana kwamba usiku ule bibi harusi, ambaye alikuwa ameonyeshwa picha tu, alidai kwa sauti iliyosikiwa barazani aletewe yule mwingine.

Wasichana walikuwa na kidude chao cha midomo minne, kinachovaliwa vidoleni na kufumbuka huku na huku, chenye rangi juu na bahati zimeandikwa ndani. Bibi alikiita ramli akakiharimisha. Lakini niliwaona kwa macho yangu wanawake wazima, wenye waume na wajukuu, wakipita uani kwetu baada ya adhuhuri kwa kisingizio cha kuomba moto, wakamwita dada yangu pembeni, wakachagua rangi nyekundu na nambari saba, wakasoma "Utapata safari," wakarudi kwao wakitabasamu, na moto wakausahau.

Skuli nako kulikuwa na elimu yake. Mwalimu wetu wa hesabu alituambia kwamba hapana karatasi duniani, iwe kubwa namna gani, inayoweza kukunjwa katikati zaidi ya mara 7, kwa sababu kila mkunjo huzidisha unene mara mbili, na ukifika wa saba tayari una matabaka 128 mkononi. Alisema hayo akatoka kwenda kunywa chai. Sasa nauliza: mtu mwenye busara huwaambia wavulana arobaini neno hilo, akawaacha peke yao katika chumba ambamo ukutani kumetundikwa ramani ya Afrika iliyo pana kuliko kitanda? Tuliishusha kwa adabu. Mkunjo wa kwanza ulikwenda wenyewe. Wa nne ulihitaji magoti. Wa sita walikaa juu yake wavulana wawili wanene kuliko wote, mmoja upande wa Misri na mwenziwe upande wa Rasi ya Tumaini Jema, na ndipo tuliposikia mlio. Tangu siku hiyo Ziwa Viktoria lilikuwa tundu. Kila aliyeulizwa kuonyesha chanzo cha Mto Nili alitia kidole chake humo, akakitokeza upande wa pili, akapewa alama zote.

Baada ya miaka mingi nilisoma kwamba mwalimu yule alidanganywa. Msichana mmoja wa skuli katika California, Britney Gallivan, alikunja karatasi katikati mara 12 mwaka 2002. Alitumia karatasi ya chooni iliyonyooshwa kwa urefu wa kilometa 1.2 hivi, na kabla ya kuikunja alikuwa amekwisha tafuta kanuni ya hesabu ya jambo lenyewe. Nikasoma pia habari za Koryo Miura, mtaalamu wa Japani wa mambo ya anga, aliyebuni mikunjo ya mishazari ambayo ramani ikikunjwa kwayo hufunguka yote kwa kuvutwa pembe mbili tu, na kufungika vivyo hivyo. Na mikunjo hiyo ilijaribiwa katika mabamba ya kupokelea nguvu za jua ya chombo ambacho Japani ilikirusha angani mwaka 1995. Nilitamani bwana huyo angalipita Tanga mapema kidogo, kabla ya ziwa letu kutoboka.

Na hivyo ndivyo nilivyoifikia sanaa yenyewe ya Kijapani, nikiwa mtu mzima na mwalimu. Katika skuli niliyofundisha aliletwa kijana wa Kijapani wa kujitolea, mpole, mwenye kuinama kwa kila mtu hata mpiga kengele, na katika mzigo wake alikuwa na pakiti za karatasi za rangi, kila moja mraba kamili, upande mmoja wa rangi na upande wa pili mweupe. Alinipa kumi. Nikazigeuza kutafuta maandishi. Hazikuwa na hesabu za robota, wala kodi, wala aya, wala sabuni. Hazikuwa za mtu. Kijana akaniambia nikunje korongo pamoja naye, akakunja polepole, pembe kwa pembe, na kila alipofika mahali pagumu aliningoja. Korongo wake alisimama mezani ananyosha shingo, na alipomvuta mkia mbawa zikapiga. Wangu alikuwa kuku aliyenyonyolewa kwa pupa. Kijana alimtazama kwa muda, akainama, akasema ana haiba yake.

Nimelifikiri sana jambo hilo, nami nasadiki kwamba mikono yangu ilishindwa kwa sababu haikuwa na hofu. Imezoea kukunja huku sikio likisikiliza mlango. Karatasi ya halali iliyotolewa kwa hiari, tena na mtu anayeinama, huifadhaisha. Pengine ingalikuwa vingine lau ningalilelewa na mabwana wa namna aliowapata Akira Yoshizawa, fundi mkuu wa sanaa hiyo, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, tarehe ile ile ya 14 Machi. Ujanani mwake alifanya kazi kiwandani, akatumia mikunjo ya karatasi kuwafundisha jometri wanagenzi waliokuwa chini yake, wala hakuna aliyemwambia atoe ulimi. Baadaye akaiacha kazi kwa ajili ya karatasi, akaishi kwa dhiki akiuza vitoweo nyumba kwa nyumba, mpaka mwaka 1954 alipotoa kitabu chenye zile alama za mistari ya vipande na mishale ambazo kwazo leo mtu wa Tanga anaweza kumsoma mtu wa Tokyo bila ya kujua lugha yake. Au Miguel de Unamuno, mwanafalsafa wa Uhispania na mkuu wa chuo kikuu cha Salamanca, ambaye alikunja ndege wa karatasi katika mikahawa mbele ya watu wazima, na mwaka 1902 akaambatisha katika riwaya yake risala nzima, ya mzaha iliyovaa joho la elimu, juu ya ndege hao. Mkuu wa chuo! Baba yangu angaliuliza kwanza kama karatasi hizo zilikuwa za chuo.

Mwaka huu mjukuu wangu, ambaye ana pakiti zake za miraba ya rangi na hazigusi, alikuja mbio akaniomba karatasi ya kuchezea, na kwa kuwa nilikuwa nasoma sikuinua macho, nikamwambia atwae iliyo mezani. Aliniletea merikebu nzuri sana. Ilikuwa ni ankara ya maji. Nilitazama ulimi wake kwa desturi ya ukoo, nikaona ni mwekundu kama ulivyoumbwa, kwa kuwa siku hizi ankara hupigwa chapa kwa mashine. Nikavaa kofia yangu, nikaichukua merikebu mpaka ofisini kwa wahusika nikitumaini kwamba angalau wangaliona haya kuidai. Karani aliikunjua, akainyosha kwa kiganja, akaigonga muhuri juu ya tanga, akapokea fedha zote. Hakupunguza hata senti.